Nani Alikufundisha Kuongea?

Jibu haraka bila kufikiria: nani alikufundisha kuongea? Wengi mtasema mathe. Wengine nyanya. Sawa. Sasa niambie, alikufundisha siku gani? Ni lini alikuketisha akakuambia wingi wa kiti ni viti, wingi wa mtu ni watu, na usichanganye? Hiyo siku haikuwepo. Ulifika darasa la kwanza ukiwa unajua, mwalimu akaja tu kukupea majina ya mambo uliyokuwa ukiyafanya tayari.

Hili swali nilikutana nalo mwaka wa pili chuoni, kwenye somo la isimu, miezi michache kabla karo inishinde nirudi nyumbani. Chuo niliacha, lakini swali halikuniacha. Sababu yake si ya vitabu. Nina binamu kwetu Kisii ambaye alifika miaka tisa bila lugha yoyote. Si ati alikuwa mjinga. Alikuwa kiziwi, na sisi wote tulikuwa tunangoja aanze kuongea.

Nitamrudia. Kwanza tupige historia, kwa sababu watu wamebishana juu ya hii kitu kwa zaidi ya miaka 2,000, na kuna watoto walioumia ndani ya huo ubishi.

Mfalme na mbuzi

Stori ya zamani zaidi inatoka Misri. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kuhusu Farao Psammetichus, aliyetaka kujua ni taifa gani lililotangulia mengine yote. Akachukua watoto wawili wachanga, akampa mchungaji awalee kati ya mifugo yake kwa sharti moja: mtu yeyote asitamke neno mbele yao. Hesabu ya mfalme ilikuwa kwamba lugha imo ndani ya mtoto kama meno. Ukingoja itatoka yenyewe, na itakayotoka ndiyo lugha ya kwanza ya binadamu.

Miaka miwili baadaye mchungaji alifungua mlango, watoto wakamkimbilia wamenyoosha mikono wakisema "bekos". Mfalme akauliza huku na huku, akaambiwa ni neno la Wafrigia, watu waliokaa nchi ambayo leo ni Uturuki, na maana yake ni mkate. Basi akakubali yaishe: Wafrigia wametangulia Wamisri.

Sasa hebu fikiria. Hao watoto walikuwa wakinyweshwa maziwa ya mbuzi kila siku. Tamka "bekos" polepole, halafu kumbuka mbuzi anavyolia. Watu wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba watoto walikuwa wakiiga tu sauti waliyoizoea.

Iwe ilitokea au haikutokea, kesi nzima iko hapo. Upande wa mfalme unasema lugha tunazaliwa nayo. Upande wa mbuzi unasema tunaiga tunachosikia. Kila kilichofuata ni hizo pande mbili zikibadilisha nguo.

Mvulana wa msituni

Januari 1800, mvulana wa miaka kama 12 alitokea msituni karibu na kijiji cha Saint-Sernin, wilaya ya Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa haongei kabisa. Akapelekwa Paris, kwenye taasisi ya viziwi, na daktari kijana anayeitwa Jean Itard akasema huyu namweza. Akampa jina Victor kwa sababu alionekana kupenda sauti ya "o".

Itard alikazana naye miaka kama mitano. Victor alijifunza kupanga herufi za neno la Kifaransa la maziwa, na kutambua maneno kadhaa yakiandikwa. Kuongea, hapana. Alikufa mwaka 1828 bila kuwahi kuongea kama watu.

Kuna kitu kwenye hii stori hunisumbua. Victor aliishi kwenye jumba lililojaa watoto viziwi waliopiga stori kwa mikono kutwa nzima. Lugha ilikuwa pale pale uwanjani. Lakini Itard alitaka mdomo, basi akabaki na mdomo. Weka hiyo akilini, itarudi.

Njiwa wa Skinner na chapati za mpwa wangu

Ruka mpaka Marekani, 1957. B. F. Skinner, profesa wa Harvard aliyejulikana kwa kufundisha panya na njiwa kubonyeza vitu ili wapate chakula, alitoa kitabu kikubwa juu ya lugha. Kwake lugha ni tabia kama tabia nyingine. Mtoto anasema "maji", anapewa maji, kesho anarudia. Anakosea, hapati kitu, anaacha. Rahisi hivyo.

Mwaka 1959, jamaa wa miaka 30 anaitwa Noam Chomsky akaandika uhakiki wa hicho kitabu, na ukawa maarufu karibu kukishinda kitabu chenyewe. Hoja yake ukiiweka kwa lugha ya mtaa: watoto wanasema vitu ambavyo hakuna mtu amewahi kuwaambia. Wanaelewa sentensi hawajawahi kuzisikia. Wazazi hawawasahihishi sarufi vile tunavyodhani. Kwa hivyo lazima mtoto anazaliwa na kitu kichwani, kitu kinachomwambia lugha hujengwaje, hata kabla hajajua ni lugha gani amezaliwa ndani yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtafiti Jean Berko alikuwa amewaonyesha watoto wa kati ya miaka minne na saba mchoro wa kadude kama ndege, akawaambia jina lake ni "wug". Neno la kutunga, halipo popote. Kisha akaonyesha wawili na kuuliza: sasa hawa ni nini? Wengi wakatia alama ya wingi ya Kiingereza bila shida. Huwezi kuwa umeiga wingi wa neno lililotungwa jana.

Mimi sikuhitaji Kiingereza kuelewa hiyo. Mpwa wangu akiwa na miaka mitatu alisimama mlangoni mwa jikoni akaniambia: "Anko, nataka vyapati viwili." Vyapati! Hakuna mtu nyumbani kwetu amewahi kusema vyapati. Lakini msichana ameshasikia chakula na vyakula, chombo na vyombo, chumba na vyumba, akapiga hesabu mwenyewe. Na akaweka "viwili", wala si "mbili", ndio ikubaliane. Alikosea neno lakini sarufi aliipata sawasawa. Kosa lake ndilo ushahidi kwamba haigi, anajenga.

Na usimcheke, kwa sababu wazee wa Kiswahili walifanya hivyo hivyo. "Kitabu" lilitoka kwa Waarabu, na hiyo "ki" ya mbele ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Waswahili wakaona inafanana na ki ya kiti, wakasema vitabu. Tanzania walichukua maneno ya Kiingereza ya kibao cha barabarani, yanayosema kaa kushoto, wakapata kipilefti, na zikiwa nyingi ni vipilefti. Ni vyapati tu iliyokua ikapata kazi.

Lakini mbuzi hawakukosea kila kitu

Kama ningeishia hapo ningewadanganya. Upande wa kujifunza nao una mizigo yake.

Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Saffran, Aslin na Newport, waliwawekea watoto wa miezi minane sauti ya silabi zilizofuatana bila kupumzika, kwa dakika mbili tu. Ndani yake kulikuwa na maneno ya kutunga. Hao watoto, ambao hata kutembea hawajui, waliweza kutofautisha silabi zinazotembea pamoja na zile zilizokutana kwa bahati. Yaani mtoto anapiga hesabu ya anachosikia huku wewe unadhani anatafuna kijiko tu. Kumbe kujifunza si kuiga peke yake.

Halafu kuna hii ya Patricia Kuhl, 2003, iliyonigusa kwa sababu mimi nakula kupitia video. Watoto wa Marekani wa miezi tisa waliletewa watu wanaoongea Kichina cha Mandarin, wakacheza nao na kusomewa, vipindi 12. Mwishoni waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi lingine lilionyeshwa watu wale wale kwenye televisheni, lingine likasikilizishwa sauti tu. Hawakupata kitu. Sauti zilikuwa zile zile na muda ule ule. Kilichokosekana ni mtu mwenyewe, yule anayekuangalia na kukungoja ujibu.

Na kabla mtu hajaanza kuhubiri kwamba mama lazima amwongeleshe mtoto kutwa nzima, njooni kwetu. Mwanaanthropolojia Robert LeVine alifanya utafiti Kisii miaka ya 1950, akarudi na wenzake miaka ya 1970, baadaye wakalinganisha akina mama wa Kisii na wa Boston. Mama wa Boston alikuwa anampigia stori mtoto mchanga. Mama wa Kisii alimbeba, akamnyonyesha, akamtuliza haraka akilia, lakini kuongea na mtoto asiyeelewa aliona ni kupoteza pumzi. Nyanya yangu mpaka leo husema hivyo.

Na Wakisii wanaongea, si mnatujua? Mtoto wa Kisii hakuwa kwenye kimya. Alikuwa mgongoni mwa dada yake, katikati ya kundi la watoto, watu wazima wakiongea juu ya kichwa chake asubuhi mpaka usiku. Hakufundishwa, lakini pia hakuachwa peke yake. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Dirisha

Mwaka 1967 Eric Lenneberg aliandika kwamba kuna umri wa kupata lugha ya kwanza, dirisha ambalo hujifunga polepole mtoto akikaribia kubalehe. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1970, California ikampata msichana wa miaka 13 ambaye watafiti walimpa jina Genie. Babake alikuwa amemfungia chumbani karibu maisha yake yote, akipigwa akitoa sauti.

Alijifunza maneno mengi kwa haraka. Kuyaunganisha ndiyo ilikataa; sentensi zake zilibaki kama ujumbe wa mtu anayelipia kila neno. Wengi walisema, basi, dirisha limethibitika. Lakini mtoto aliyefungwa, akakoswa chakula na kupigwa miaka yote hiyo, utajuaje ni nini hasa kilimharibikia? Pesa za utafiti zilipoisha, alianza kuhamishwa nyumba hadi nyumba. Walimchunguza kuliko walivyomlea.

Ili kupata jibu safi ungehitaji watoto wanaopendwa, wenye akili timamu, wasio na lugha yoyote. Na hakuna mtu mwenye roho angefanya hivyo makusudi. Psammetichus alishakufa.

Halafu ikatokea, bila mtu kukusudia.

Managua

Nicaragua, Amerika ya Kati. Kabla ya miaka ya 1970 viziwi wa huko walikuwa wametawanyika, kila mtu kwao, kila familia na ishara zake chache za nyumbani. Mwaka 1977 kituo cha elimu maalum kikafunguliwa Managua, mtaa wa San Judas, na watoto viziwi kama 50. Baada ya mapinduzi ya 1979 idadi ikapanda, 1980 ikaja shule ya ufundi, na kufika 1983 walikuwa zaidi ya 400 kwenye shule hizo mbili.

Walimu walikuja na mpango wao: kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo. Haikushika. Watoto walikaa darasani hawaelewi kitu. Lakini uwanjani na kwenye basi la kurudi nyumbani, mikono ilikuwa inaenda. Huyu alileta ishara za kwao, yule za kwao, wakachanganya. Walimu waliona ni fujo tu.

Mwaka 1986 wizara ikamwita mwanaisimu Mmarekani, Judy Kegl, awaambie hawa watoto wanafanya nini. Alichoona ni kwamba watoto wadogo walioingia baadaye walikuwa na ishara za haraka zaidi, zenye kanuni zaidi, kuliko wakubwa walioanzisha. Lugha mpya ilikuwa inazaliwa, na waliokuwa wakiizalisha ni wale wadogo.

Mtafiti Ann Senghas na wenzake walikuja kuonyesha hilo kwa jaribio la katuni, wakalichapisha 2004. Paka amemeza mpira mzito, anabingirika akishuka barabara ya mlima. Simulia ulichoona. Wale wa kizazi cha kwanza walizungusha mkono huku ukishuka, vyote kwa pamoja, kama wewe ungeigiza. Wadogo walikata vipande viwili: ishara ya kubingirika, kisha ishara ya kushuka.

Unaweza kusema, si hiyo ya kwanza ndiyo inafanana zaidi na paka? Ndiyo. Lakini hiyo ni maigizo. Ukishakata vipande unaweza kuvipanga upya: kubingirika ukipanda, kuteleza ukishuka, kushuka bila kubingirika. Hivyo ndivyo lugha zote hufanya, na hakuna mtu mzima aliyewaonyesha.

Hapo mfalme alipata nusu yake, mbuzi wakapata yao. Mtoto anakuja na uwezo wa kukata na kupanga, na hauhitaji mwalimu. Lakini huo uwezo haukuamka kwa mtoto mmoja mmoja aliyekaa kwao na mama anayempenda. Uliamka walipokutana. Na waliofika wakiwa wakubwa hawakufikia pale wadogo walipofika.

Binamu

Sasa unaelewa kwa nini nilisoma hii stori ya Managua nikafunga simu.

Jina lake silitaji, hajaniruhusu. Ananizidi miaka miwili. Tulikuwa na ishara zetu kama thelathini: ng'ombe ni ngumi mbili zinakamua, nyanya ni kufunga kitambaa kichwani, mvua ni vidole vinashuka. Ilitosha kucheza. Ilitosha kumtuma dukani. Mwalimu mmoja alituambia tukae naye kwanza nyumbani mpaka aongee, akamwita bubu mbele yake, na sisi tukatii.

Tatizo ni kwamba ishara thelathini haziwezi kusema kesho. Haziwezi kusema kwa nini. Babu alipofariki, binamu alikuwa na miaka minane. Aliona watu wengi, akaona sanduku, akaona shimo. Baadaye, kila jioni kwa wiki nyingi, alitoa kiti cha babu akakiweka nje pale alipozoea kukaa. Tulikiona, tukakirudisha ndani. Hakuna mtu aliyekuwa na namna ya kumwambia.

Miaka tisa, mama mmoja wa kanisani akatuelekeza kwenye shule ya bweni ya viziwi. Likizo ya kwanza alirudi mikono ikikimbia, anatuambia mambo, na sisi tunamwangalia tu kama yeye alivyotuangalia miaka yote. Mimi nilianza kujifunza nikiwa na miaka 13, na siku nilipoweza kumfuata vizuri, aliniambia kuhusu babu. "Nilidhani mmemficha."

Si walikuwa wanampenda? Walimpenda sana. Mama yake alimpeleka kwa kila mwombaji na kila mganga ili masikio yafunguke. Tuliamini kama Itard kwamba lugha ni mdomo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba shule zifundishe kwa mdomo na ishara ziachwe, na uamuzi huo ukawatesa watoto viziwi dunia nzima kwa miaka karibu mia moja. Leo Katiba yetu ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Lakini Katiba haifiki jikoni. Jikoni bado kuna mtu anasema tungoje kidogo, ataongea.

Usingoje. Kama kuna mtoto kwenu hageuki ukimwita, apelekwe apimwe masikio mwezi huu. Kama ni kiziwi, mtafutie viziwi wengine, watoto na watu wazima, mapema, kabla hujamtafutia muujiza. Anao tayari uwezo wote mwingine alionao mpwa wangu wa vyapati. Kinachokosekana ni kundi la kuutumia nalo, na muda haumngoji.

Binamu sasa ana mke, naye ni kiziwi, na wana msichana wa mwaka mmoja na nusu anayesikia. Nilikuwa kwao Desemba. Mtoto alimwambia babake kwa mkono kwamba anataka maziwa, akageuka akamwita nyanya kwa mdomo, akarudi kwa babake kwa mkono. Hakuna aliyemwambia nani anaongea vipi.

Mimi nina daftari, nina video nyingi za kujifunzia, nina karibu miaka kumi ya mazoezi. Binamu anasema ishara zangu zinaeleweka, lakini nina lafudhi ya mgeni.